Kabla ya kufomati: kompyuta kuukuu bado ina kazi Juba

NI saa mbili asubuhi. Jua la Juba limeshaanza kuchoma mabati, na mlangoni kwangu amesimama mama mmoja, jirani yangu, anayefanya biashara ya unga, mafuta ya kula na sabuni anazozifuata Elegu, upande wa Uganda. Mikononi ana kitu kilichofungwa kwa leso kama mtoto mchanga.

"Mwalimu, mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, mama. Karibu ndani."

Baada ya salamu na kikombe cha chai, alifungua ile leso. Ilikuwa laptopu ya zamani, nzito, yenye vumbi jekundu katikati ya vitufe.

"Imekataa," akasema. "Inaonyesha maandishi meupe tu, halafu kimya. Fundi wa sokoni anasema dawa yake ni kufomati. Nimekuja nikuulize kabla sijamlipa. Kufomati ni nini?"

Nikamweleza kwamba ni sawa na kuchana kurasa zote za daftari ili upate pa kuandikia upya. Aliivuta laptopu akaikumbatia. Ndani ya mashine ile mlikuwa na hesabu za miaka mitatu: nani alichukua magunia mangapi kwa mkopo, nani alilipa nusu, nani aliahidi kulipa mwezi ukiisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mama huyu lilikuwa pale, na lilikuwa karibu kupotea kwa neno moja ambalo hakulijua maana yake.

Ndugu msomaji, makala haya ni kwa ajili ya wenye mashine kama ile. Nitaeleza namna ya kuokoa kilichomo kwanza, kisha namna ya kuweka mfumo wa Linux katika kompyuta kuukuu, na zaidi ya yote, nini cha kufanya mambo yanapogoma. Maana yatagoma.

Mashine zilizoachwa na wenyewe

Kompyuta nyingi tulizonazo Juba zilishatumika kwingine kabla ya kufika hapa. Zimefanya kazi katika ofisi za Ulaya au za Ghuba, zikauzwa kwa jumla, zikafika Nairobi au Kampala, kisha zikapanda lori hadi Nimule na kumaliza zile kilomita 192 za lami hadi mjini. Nyingine zimerudi na sisi wenyewe kutoka ukimbizini, zikiwa zimefungwa katikati ya magodoro.

Mashine hizi huwa hazijafa. Kinachozishinda mara nyingi ni mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu mama inayoamsha mashine na kuzigawia programu nyingine kazi. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 pamoja na kifaa cha usalama ambacho mashine za zamani hazina. Mwenye kompyuta ya mwaka 2008 ameachwa barabarani.

Hapo ndipo Linux inapoingia. Ukoo wake ni wa mfumo uitwao Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo wa namna ya Unix ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini kilichokuwa kikikosekana. Vitu hivyo viwili vikiunganishwa ndiyo mfumo ninaouzungumzia.

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha toleo la Ubuntu, na kuanzia 2005 hadi 2011 sahani zake za CD zilitumwa kwa posta bure duniani kote. Mimi nilipewa moja na rafiki Nairobi, nikaingia nayo Juba mwaka 2007 ndani ya bahasha moja na vyeti vyangu. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyosema Kiswahili. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao.

Kosa langu la mwaka 2016

Kabla sijamfundisha mtu, ni haki niseme nilivyojifunza mimi.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 nilikuwa naweka Linux katika kompyuta ya mezani ya shule niliyokuwa nikifundisha. Matokeo ya wanafunzi ya miaka miwili nilikuwa nimeyahamishia katika diski ya nje ili yawe salama. Nilifanya vizuri hadi hapo. Kosa ni kwamba sikuichomoa ile diski ya nje. Programu ya kuweka mfumo iliponiuliza nitumie diski ipi, nikaona majina mawili yanayofanana, nikabonyeza moja, nikakubali "tumia diski nzima". Dakika ishirini baadaye nilikuwa na Linux nzuri kabisa, imekaa juu ya matokeo ya watoto.

Nilijipa moyo kwamba wazazi wangeleta ripoti za karatasi, tuandike upya. Wengine walileta. Kisha ukaja mwezi wa saba, na mapigano ya Julai yakatawanya mji. Mwaka uliofuata nilipata ujumbe wa kijana mmoja aliyekuwa Bidi Bidi, ile kambi ya wilaya ya Yumbe iliyofunguliwa Agosti 2016. Aliomba barua ya kuthibitisha darasa alilomaliza na alama zake, kwa kuwa ripoti yake iliungua pamoja na nyumba. Nilimwandikia barua ya kusema ninamkumbuka. Alama sikuwa nazo. Shule ya kule ilimrudisha darasa la nyuma.

Sisi tuliosomea ukimbizini tunajua karatasi ni kitu gani. Tulizifunga katika nailoni, tukazilalia. Mimi nilipoteza za watoto wa wenzangu kwa kubonyeza kitufe. Tangu siku hiyo nina sheria mbili ambazo sizivunji: kuokoa kwanza, na kuchomoa kila kisichohusika.

Kuokoa kilichomo

Mashine ikigoma kuwaka, usifikiri kwamba faili zimekufa. Mara nyingi kilichoharibika ni mfumo tu, na faili zimelala salama. Uzuri wa Linux ni kwamba inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski ya ndani. Unawasha, unaifungua ile diski kwa kusoma tu, unanakili unachotaka kwenda diski nyingine, unazima. Hata asiyetaka Linux maishani mwake anafaa kuwa na flashi ya namna hiyo.

Ya mama jirani haikuwa rahisi hivyo. Nilipoiwasha kwa flashi na kuanza kunakili, ilifika folda moja ikasimama, na diski ikaanza kutoa sauti ya kugonga, tk, tk, tk. Sauti hiyo ukiisikia, acha. Kila dakika unayoendelea kuilazimisha diski inayougua unaizidishia ugonjwa.

Nilitoa diski ndani ya laptopu, nikaiunganisha kwa waya wa USB na mashine yangu, nikatumia programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo huja tayari katika flashi ya SystemRescue. Kazi yake ni ya kiungwana: huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kirahisi, ndipo irudi polepole kwenye sehemu ngumu. Tena huandika ramani ya pale ilipofikia. Kwa mji wetu ramani hiyo ni jambo kubwa. Usiku wa kwanza jenereta ilizimwa saa nne, kazi ikiwa robo. Kesho yake niliandika amri ileile, na faili ileile ya ramani, ikaendelea pale ilipoachia. Ilichukua siku tatu kumaliza gigabaiti 160.

Angalizo: diski unayonakilia lazima iwe na nafasi kuliko ile mbovu, na jina la diski mbovu litangulie katika amri. Ukiyageuza majina, umeandika utupu juu ya mali. Amri ya lsblk hukuonyesha diski zote na ukubwa wake. Itazame mara mbili, tena kwa sauti, kama mtu anayehesabu fedha za watu.

Hesabu za miaka miwili zilitoka nzima. Za mwaka wa tatu zilifunguka nusu, miezi ya mwisho haikusomeka. Mama aliomba kalamu, akakaa chini ya mwembe, akaandika kwa kichwa majina na magunia ya miezi ile, akanyamaza kidogo kila baada ya majina matatu manne. Mteja mmoja aliyesikia kwamba mashine imekufa alikuwa ameshaanza kusema alilipa zamani. Mstari wake ulikuwa katika sehemu iliyookoka, na tarehe yake.

Kuchagua toleo linalolingana na mashine

Ukishaokoa, ndipo uwaze kuweka mfumo mpya. Linux ina matoleo mengi, na wengi hukwama kwa kuchukua toleo linalozidi nguvu za mashine. Uliza mambo mawili.

La kwanza: prosesa ni ya biti 32 au 64? Laptopu nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2008 ni za biti 64. Za nyuma yake, hasa zenye Pentium M, ni za biti 32, na hizi zinaendelea kufungiwa milango. Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kuja na programu ya kujiwekea katika mashine za biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina.

La pili: kumbukumbu ya kazi, ile mafundi wanayoiita ramu, ni kiasi gani? Yenye gigabaiti 4 au zaidi itabeba Linux Mint bila shida. Yenye gigabaiti 2 iwekee Debian yenye sura nyepesi ya Xfce au LXQt. Yenye megabaiti 512 au gigabaiti 1 itafute antiX. Itaandika barua na kupiga hesabu. Usiiombe ifungue kurasa kumi za intaneti kwa pamoja.

Kwa laptopu ya mama, iliyokuwa na prosesa ya Core 2 Duo na gigabaiti 2, tuliweka Debian na Xfce. Ile diski inayogonga hatukuirudisha. Tulinunua diski ndogo ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, ya SSD. Kwa mashine yoyote kuukuu yenye soketi ya SATA, hakuna dawa iliyo bora kuliko hiyo. Mashine iliyokuwa ikikuacha upike chai ndipo iwake, sasa inawaka kabla maji hayajachemka.

Inapogoma, igomapo

Haya ndiyo maradhi niliyokutana nayo mara nyingi zaidi hapa Juba, na dawa zake.

Flashi haisomwi kabisa. Mashine inaruka moja kwa moja kwenye diski yake. Izime, iwashe huku ukibonyeza F12, F2, Esc au Delete kwa kufuatana na aina yake, uingie kwenye orodha ya kuwakia na uchague USB. Baadhi ya mashine za zamani sana hazijui kuwaka kwa USB. Hizo zinataka sahani ya CD au DVD. Ichome kwa mwendo wa polepole, na ufute jicho la kisomea sahani, kwa kuwa vumbi letu halina huruma.

Uwekaji unakatika katikati. Hapa tazama inakatika wapi. Ikikatika mahali palepale kila mara, shuku faili uliyoipakua au diski. Sisi hupakua kwa bando la simu, mtandao unakatika, faili inafika pungufu, nawe hujui. Kila toleo hutangaza namba yake ndefu ya uhakiki. Amri ya sha256sum itakupa namba ya faili yako. Zikitofautiana hata herufi moja, usipoteze jioni yako, pakua tena. Ikiwa zinalingana, ipime diski kwa amri ya smartctl na utazame hesabu ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa nyingi na zinaongezeka, diski inaaga.

Lakini ikikatika mahali tofauti kila mara, mara asilimia kumi, mara sitini, shuku ramu au joto. Kwa ramu, iendeshe programu ya Memtest86+ hadi imalize mzunguko mzima. Mistari myekundu ikitokea, toa vipande vya ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha kimoja kimoja na upime tena. Mara tatu nimeponya mashine kwa kifutio cha mtoto wa darasa la pili.

Kwa joto, hakuna mkazi wa Juba anayehitaji kuhubiriwa. Machi 2024 na tena Februari 2025 serikali ilifunga shule kwa ajili ya joto. Kama watoto wanazimia darasani, prosesa yenye feni iliyoziba vumbi itasalimika vipi? Fungua, pulizia feni, badilisha ile grisi iliyokauka juu ya prosesa, na fanya kazi ya kuweka mfumo usiku au alfajiri.

Maandishi yanasema prosesa haina PAE. Huu ni ugonjwa wa Pentium M. Nyingi kati yake zina uwezo huo lakini hazijitangazi, kama mtu mwenye cheti aliyeficha mfukoni. Kwenye orodha ya kuwakia ongeza neno forcepae mwishoni mwa mstari wa amri, uendelee. Ikikataa, chukua antiX ya biti 32, ambayo kiini chake hakidai PAE.

Kioo kinakuwa cheusi. Mashine inaunguruma lakini huoni kitu. Mara nyingi ni kadi ya picha haikuelewana na kiini. Kwenye orodha ya kuwakia bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake uongeze nomodeset, kisha bonyeza F10. Ukipata picha, hata kama si nzuri, utamalizia marekebisho ukiwa ndani.

Programu hazipakuliki, zinasema faili ya orodha bado haijafikia tarehe yake. Tazama saa ya mashine. Kompyuta iliyokaa stoo miaka mingi betri yake ndogo bapa, CR2032, huwa imekufa, na mashine inadhani ni mwaka 2005. Linux hukataa kupokea kitu kinachotoka wakati ujao, na kurasa salama za intaneti nazo hukataa kufunguka. Rekebisha tarehe, badilisha betri. Nimeona mtu akilipia ufundi wa siku mbili kwa shida ya betri ya saa.

Waifai haionekani. Kadi za zamani zinahitaji programu ndogo ya kuzizindua ambayo zamani haikuwekwa pamoja na mfumo. Tangu Debian 12 huja pamoja. Ikikosekana bado, usihangaike kutafuta waya wa mtandao. Chomeka simu yako kwa USB, ruhusu ishiriki intaneti kwa USB, na kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya. Iwe laini ya MTN, Zain au Digitel, kazi itaendelea.

Inawaka tu ikiwa na flashi. Umemaliza, umefurahi, unatoa flashi, na mashine inakwambia haina mfumo. Maana yake kiwashio kiitwacho GRUB kilijiandika kwenye flashi badala ya diski. Irudishe flashi, iache iwake, kisha andika sudo grub-install /dev/sda, halafu sudo update-grub. Hakikisha kwanza kwa lsblk kwamba sda ndiyo diski ya ndani.

Umeme ulikatika, sasa inakuonyesha neno initramfs. Tangu mwaka 2019 Juba ina mtambo wa megawati 33, lakini si kila mtaa umefikiwa, na wengi bado tunategemea jenereta na sola. Linux huweka kumbukumbu ya mabadiliko inayokusudia kuyafanya katika mpangilio wa faili, hivyo huvumilia kukatika kwa umeme kuliko wengi wanavyodhani. Ikikwama, andika fsck -y na jina la sehemu ya diski inayolalamikiwa, kwa mfano /dev/sda1, subiri, uwashe upya. Ila wakati wa kuweka mfumo wenyewe, usianze kama huna betri nzima au uhakika wa umeme wa saa moja.

Kwa wanaonunua mpakani

Ndugu zangu wafanyabiashara mnaoleta laptopu zilizotumika, flashi ya Linux iwe kitu cha kwanza mfukoni. Muuzaji akikuonyesha mashine inayowaka, mwombe uiwashe kwa flashi yako kabla ya fedha kubadilisha mikono. Dakika kumi zinatosha kujua ramu ni kiasi gani kweli, prosesa ni ya biti ngapi, diski ina sekta mbovu ngapi, waifai inashika, vitufe vyote vinaandika na betri inadumu. Kibandiko cha nje kinaweza kusema chochote. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia, na anayekataa amekwisha kukujibu.

Tena kumbuka kwamba Linux si dawa ya kila kitu. Kama biashara yako inategemea programu maalumu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows, au printa ambayo mtengenezaji wake hakuifikiria Linux, jaribu kwa flashi kabla ya kuhama. Faili za kawaida za Excel na Word zitafunguka katika LibreOffice, ingawa mistari ya jedwali inaweza kusogea hapa na pale. Mama jirani alilalamika wiki moja kwamba vitufe vya menyu havipo alipovizoea. Wiki ya pili hakusema tena.

Nakala mbili, nyumba mbili

Siku alipokuja kuchukua mashine yake nilimpa na flashi ndogo, nikamwambia kila Jumamosi anakili hesabu zake humo, na flashi isilale nyumba moja na laptopu.

"Nimpe nani?" akauliza.

"Dada yako yuko Gudele. Mpe yeye. Yeye akupe ya kwake."

Alifikiri kidogo. "Na wewe mwalimu, za watoto umeziweka wapi siku hizi?"

Nikamwambia: moja shuleni, moja kwangu, na moja kwa mwalimu mwenzangu aliyeko Arua, ambaye huipeleka akivuka mpaka mwisho wa kila muhula. Majina, madarasa na alama, katika faili nyepesi ambayo kompyuta yoyote, mpya au kuukuu, inaweza kuifungua.

Yule kijana wa Bidi Bidi alimaliza shule, mwaka mmoja baada ya wenzake. Aliniandikia tena kuniarifu, na hakunilaumu. Mwaka ule mmoja ndio unaonifanya nimwambie kila anayenijia na mashine iliyogoma: keti kwanza, tuone kilichomo, kufomati kutakuja baadaye.